Nyigu katika Ua wa Kanisa

Somo: Kutoka 21:28-36



Imo katika Torati sheria moja ambayo wahubiri hawaichagui mara nyingi, kwa kuwa ni sheria ya zizini. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe huyo atapigwa mawe, lakini mwenyewe hatahesabiwa hatia. Bali ikiwa ng'ombe yule alizoea kupiga watu tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, wala hakumfunga, basi damu ile i juu ya mwenyewe. Na mbele kidogo Musa ataja habari za mtu achimbaye shimo asilifunike, mnyama wa jirani akatumbukia ndani: mwenye shimo hana budi kulipa.

Sisi watu wa Shinyanga na Geita hatuhitaji mfasiri wa maneno haya. Wengi wetu ni wana wa wafugaji, na wengi ni wachimbaji wa dhahabu. Ng'ombe mkali twamjua, na shimo lililoachwa wazi twalijua. Lakini angalieni vema mahali sheria inapogeuka. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, na maiti ni moja. Kilichobadili hukumu ni neno moja tu: mwenyewe alijua.

Neno hili limenishika mimi mwenyewe, nami nitawaeleza jinsi lilivyonishika.

Mwezi wa Machi, mvua zilipokuwa zimenyesha vizuri na majani yamekuwa marefu, nalizunguka nyuma ya nyumba ya ibada kumtafuta mbuzi aliyekata kamba. Huko kuna ua wa minyaa unaopakana na kiwanja cha mjane mmoja mzee. Chini ya matawi naliona kiota cha nyigu, kipana kama sahani, nao wamekijaa. Nikarudi nyuma polepole, nikasema moyoni, "Kesho nitamwambia mlinzi wa kanisa." Kesho ikawa na mazishi, kesho kutwa ikawa na kikao cha wazee, na siku zikapita kumi na nne.

Jumamosi ya pili vijana wa usharika wakaja kufyeka uwanja. Mimi nalikuwa nimeketi ndani nikiandika hubiri la kesho yake. Mara nikasikia kelele. Kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wenzake, alikuwa ameupiga ua kwa fyekeo, na nyigu wakamwangukia usoni, shingoni na mikononi. Alitupa fyekeo akakimbia, nao wakamfuata. Tulipomfikia midomo ilikuwa imevimba, na baada ya muda kidogo pumzi ikaanza kumwia nzito. Tukampakia juu ya pikipiki, wenzake wakimshika, akapelekwa kwenye kituo cha afya. Akapigwa sindano, na kabla ya usiku pumzi yake ikatulia. Mungu ahimidiwe.

Lakini jambo lililo baya zaidi lilikuwa halijaja. Jioni ile, nyumbani kwa kijana, watu walikusanyika kumpa pole baba yake. Mtu mmoja akasema, "Nyigu hawaji bure. Hawa wametumwa." Mwingine akauliza, "Ua ule ni wa kwa nani?" Wa tatu hakusema jina, akasema tu habari za macho mekundu. Kila mtu akafahamu.

Ndugu zangu, mwajua maneno kama haya huishia wapi katika nchi yetu. Kwa hesabu iliyokusanywa katika Tanzania Bara, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wanawake walikuwa 2,286, na zaidi ya nusu ya wote waliouawa walikuwa wa nchi ya Usukuma. Wala dhambi hii haikuisha mwaka ule. Na macho mekundu ni nini? Ni moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, kwa mabua na mavi makavu ya ng'ombe kwa kuwa kuni zimekuwa haba, macho yake yatakuwaje? Tumeyafanya machozi ya kutupikia kuwa ushahidi wa kutuua.

Mimi nalikuwa nimeketi katikati ya watu wale, kikombe cha chai mkononi. Nalijua neno moja ambalo lingezima moto ule wote: ya kuwa kiota kilikuwapo, ya kuwa nalikiona kwa macho yangu siku kumi na nne kabla, ya kuwa mtu aliyewaleta nyigu juu ya kijana yule, kama ni lazima atajwe mtu, alikuwa mchungaji wake. Nami nikanyamaza. Naliona haya. Nikaomba sala fupi, nikaaga, nikaenda zangu.

Usiku sikulala. Nimewafundisha vijana wa kipaimara Amri ya Tano na Amri ya Nane kwa miaka mingi. Katika Katekisimo Ndogo, iliyotolewa mwaka 1529, Luther atufundisha ya kuwa Amri ya Tano haikatazi kuua tu, bali yatuamuru kumsaidia jirani katika kila hatari ya mwili wake. Na ya kuwa Amri ya Nane haikatazi uongo tu, bali yatuamuru kumtetea jirani na kumnenea mema. Kwa kutokusema habari za kiota nalivunja ile ya Tano. Kwa kunyamaza penye chai nalivunja ile ya Nane. Wala sikufanya tendo lolote! Mikono yangu yote miwili ilikuwa safi.

Asubuhi, kabla ya ungamo, nalisimama mbele ya usharika nikaeleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Kisha baada ya ibada nikaenda kwa mjane. Alikuwa amekwisha kusikia yote mawili, neno la jioni na neno la asubuhi. Nikapiga magoti. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, umechelewa siku moja. Wengine huchelewa mpaka mtu amekwisha kuzikwa." Naye baba wa kijana aliniambia, "Ungesema neno moja tu, Baba Mchungaji." Akanipa mkono, lakini alikaa majuma mengi bila kuzungumza nami kama zamani. Hiyo nayo ilikuwa haki yake.

Sasa tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tusimsingizie nyigu, wala tusimsingizie Mungu. Nyigu ni kiumbe kama viumbe vingine. Hutafuna nyuzi za miti, akazichanganya na mate yake, akajenga nyumba kama ya karatasi. Hana asali ya kutupa, lakini huwinda viwavi kulisha watoto wake, na mkulima wa pamba na mahindi apata faida asiyoijua. Mwiba wake hautumii ila mbele ya adui au mawindo, na ajapo kwenye kiota chake kwa fyekeo, mtu ni adui. Ni kweli, Maandiko yasema ya kuwa Bwana alituma mavu mbele ya Israeli kuwafukuza Wakanaani. Lakini Yeye mwenyewe ndiye aliyelitangaza jambo lile kwa kinywa cha Musa na Yoshua. Wewe na mimi hatukupewa neno la namna hiyo juu ya kijana aliyeumwa, wala juu ya mjane wa jirani. Asemaye, "Wametumwa," ajifanya nabii bila kutumwa.

Pili, kila mmoja wetu ana kiota alichokiona akakiacha. Mwenye duara la dhahabu ajua ya kuwa magogo yanayozuia udongo yameoza, naye awashusha vijana, akisema, "Juma lijalo tutabadilisha." Mkumbuke wale wa Nyangalata, wilaya ya Kahama, mwaka 2015, waliofukiwa na kifusi, hata wengine wakatolewa wangali hai baada ya siku 41, si kila mtu hupata muujiza kama ule. Aliyemaliza kuchimba huliacha shimo wazi karibu na njia ya watoto. Aoshaye dhahabu kwa zebaki ajua sumu yake, naye humwachia mkewe achome mchanganyiko ule jikoni. Baba aona kijana wake ameanza kunywa gongo, akangoja. Mzee wa kanisa ajua fedha za sadaka hazilingani na daftari, akanyamaza kwa ajili ya urafiki. Ng'ombe hawa wote tumekwisha kuonywa habari zao. Siku pembe itakapomwingia mtu, tusiulize ni nani aliyetuloga.

Tatu, na hili ndilo Injili: niliwezaje kusimama asubuhi ile? Si kwa ushujaa. Nalijikumbusha ya kuwa Bwana wetu Yesu alishitakiwa kwa mashahidi wa uongo, wala hakuwapo mmoja aliyesimama kusema neno moja alilolijua. Petro alijua, akakana penye moto. Pilato alijua, akanawa mikono. Naye Yesu akatolewa nje ya mji, akahesabiwa mkosaji, mahali pale pale ambapo sisi huwatupa wale tunaowanong'oneza. Alisimama mahali pa mjane, naye akafa kwa ajili ya mchungaji aliyenyamaza. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho habari za mwiba wa mauti, asema ya kuwa mwiba huo ni dhambi. Mwiba huo Kristo aliupokea mwilini mwake. Basi mtu aliyesamehewa ana haya gani tena ya kulinda? Jina lake limekwisha kuandikwa mbinguni. Aweza kulipoteza kidogo hapa duniani kwa ajili ya jirani.

Nami nawaomba, msiyaache maneno haya kanisani. Leo, kabla jua halijatua, zungukeni nyua zenu, na dari, na maghala. Kiota mkikiona, waambieni watu wote wa nyumbani na jirani wa upande wa pili. Msiwaachie watoto wakipige mawe. Mwiteni mtu mzima azoeaye kazi ya nyuki, akiondoe usiku wadudu wakiwa wametulia. Mtu akiumwa, aondoke upesi mahali pale, aoshwe kwa maji na sabuni, na kuwekewa kitambaa cha maji baridi. Nyigu hauachi mwiba wake, aweza kuchoma tena na tena. Nyuki huuacha, nao ukwanguliwe mara moja. Lakini midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, au mwili wote ukitoka vipele, au mtu akizimia, msingoje, wala msimtafute mganga wa kupiga ramli. Mpelekeni hospitali saa ile ile, kwa maana mtu aweza kufa kwa mwiba mmoja.

Na mkisikia penye chai neno la macho mekundu, aliye na neno la kweli alinene hapo hapo, kikombe kikiwa bado mkononi.

Kijana yule ni mzima, naye ndiye apigaye kengele yetu sasa. Ua wa minyaa umekatwa vizuri, na kila Jumamosi mmoja wa vijana hufagia kiwanja cha mjane. Yeye huja ibadani, huketi benchi la mbele, nami nihubiripo hunitazama kwa macho yake mekundu. Ni vema anitazame.

Tuombe: Ee Bwana Mungu, wewe wajua tulichokiona tukakificha. Utusamehe kwa ajili ya Mwanao aliyesingiziwa kwa ajili yetu. Utupe vinywa vya kuonya kwa wakati wake, na vya kuwatetea wasio na mtetezi. Uwalinde watoto wetu uani, na wachimbaji wetu chini ya ardhi, na wazee wetu katika nyumba zao. Amina.