Ufunguo wa Kuazima

Mjukuu wangu aliponijia jioni ile nilidhani anataka fedha, kumbe alikuwa na swali. Kijana huyu huandika programu za kadi zenye chipu, na wakati huo alikuwa amepewa kazi ya kadi za wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo, wengi wao wauza ndizi na mafundi seremala. Zana aliyoihitaji huuzwa kwa leseni. Ukishaipakia kwenye kompyuta haifanyi kazi mpaka uiamilishe: husoma alama za kompyuta yako, huzipeleka kwa watengenezaji, nao hurudisha namba ndefu inayoifungua kwenye kompyuta hiyo moja tu. Bei yake ilizidi mshahara wake wa miezi mitatu. Rafiki yake akampa zana ile ile ikiwa imekwisha kuvunjwa kufuli, bila hata senti moja.

"Babu," akaniuliza, "hivi huu kweli ni wizi? Sijamnyang'anya mtu kitu. Yao bado wanayo."

Msomaji, hoja hiyo si ya kitoto. Mwizi wa mbuzi humwacha mwenye mbuzi na kamba mkononi. Anayenakili programu humwacha na mbuzi wake na maziwa yake. Lakini watu wale hawakuwa wanauza mbuzi, walikuwa wanauza ruhusa ya kukamua. Ruhusa haishikiki, na ukishaichukua bila kupewa, si ruhusa tena.

Hata hivyo, kilichonisumbua zaidi ni kadi zenyewe. Wajerumani Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff waliomba hataza ya wazo la namna hiyo mwaka 1968, na Mfaransa Roland Moreno akaomba ya kwake mwaka 1974. Lakini msingi wa usalama wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha huko Ufaransa (nafurahi kwamba alikuwa mwalimu), aliandika kuwa siri isitegemee kuficha namna mtambo ulivyoundwa. Adui na aujue mtambo wote, mradi ufunguo asiupate. Basi nikamwuliza mjukuu wangu: aliyeivunja zana hiyo ni nani? Hakumjua. Aliyeweza kuondoa kufuli, je, hakuweza kupachika kitu chake humo humo? Akanyamaza. Na funguo za kadi za wale wauza ndizi zingepita humo. Wao hakuna aliyewauliza.

Nikamwambia aiache. Aombe muda wa majaribio kwa watengenezaji, au atumie zana zinazotolewa bure, kwani zipo. Alilalamika kwamba hizo zingemchelewesha, na kweli zilimchelewesha, akagombezwa na mwajiri wake.

Ningependa kuishia hapo nikiwa babu mwenye hekima. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa maana mwaka 1983, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu kabla sijawa mkuu wake, tulikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha makuzi ya mtoto. Wanachuo walikuwa themanini. Nikakata stensili, nikarudufu sura nzima mpaka wino ukanifika viwikoni, na wala sikumwomba mtu ruhusa. Muhula huo huo nilipiga kura ya kumfukuza mwanachuo aliyenakili majibu ya mtihani. Sikuona kwamba mambo hayo mawili yangeweza kukaa katika sentensi moja.

Ningerudia? Nadhani ningerudia kurudufu, kwani walimu wale walikwenda kufundisha watoto, na kitabu hakikupatikana kwa namna nyingine yoyote. Juu ya ile kura sina hakika tena.

Asubuhi nilifungua sanduku langu la bati nikampa mjukuu wangu karatasi zile, zimekuwa na rangi ya chai. Alizisoma zote, akapenda sehemu ya mtoto anayejifunza kuhesabu. Kisha akageuza ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akaniuliza nani aliyeandika.

Ili kubana nafasi, jina sikuwa nimelichapa. Nililitafuta kichwani mpaka chai ikapoa, lisije.