Uko Wapi Sasa Hivi?

Ilikuwa wiki ya sita nikizungumza na kijana huyo kwa simu. Mimi ni mshauri nasaha hapa Mombasa. Yeye, kwa mujibu wa fomu aliyoijaza siku ya kwanza, ni mkazi wa Kisauni. Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje.

Jioni hiyo sauti yake ilikuwa chini, majibu mafupi mafupi. Katikati akasema, "Nimechoka, dada. Nisipokuwepo watapumua." Nilishtuka, na kwa kule kushtuka nikauliza vibaya: "Lakini huwazi kujidhuru, sivyo?" Akanyamaza kidogo. "Hapana." Nikashusha pumzi, nikaanza kuandika kwenye faili kwamba hatari ni ndogo. Kabla sijamaliza, laini ikakatika.

Nilipopiga tena nikapokewa na ile sauti iliyorekodiwa: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Mteja. Ndivyo nilivyokuwa nikimwita mimi pia, na saa zile nikatambua kwamba nilichokuwa nacho kikitokea kitu ni nambari yake tu. Mwenzangu alikwenda Kisauni kwa bodaboda. Mwenye nyumba akamwambia kijana alihama mwisho wa mwezi. Pale fomu ilipotaka jina la mtu wa karibu palikuwa na kistari. Nilikiona siku ya kwanza, nikakiacha. Hata kama ningepiga ripoti, ningewaelekeza watu wapi?

Saa tano usiku kaka yake akanipigia. Kijana alikuwa kwake, Voi. Jioni ile nilipozungumza naye alikuwa amelala nyuma ya pazia, na upande wa pili shemeji yake akisonga ugali. Kila neno lingesikika. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, simu ikaishiwa chaji. Usiku huo kilichomwokoa ni kaka mtu kurudi mapema, kuusoma uso wake na kukaa naye hadi alfajiri. Siku kadhaa baadaye kijana aliniambia neno ambalo bado linanichoma: "Dada, ungeniuliza waziwazi ningesema ndiyo. Ulivyouliza, nikaona unataka hapana."

Wengi wetu tunaogopa kwamba kutaja kujiua ni kumpandia mtu wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi mtu hupata nafuu kwa kuulizwa. Mteja naye ana hofu yake. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Aliyekua akiogopa kukamatwa hafunguki kwa swali la kuzungukazunguka.

Sasa dakika ya kwanza ya simu si ya salamu pekee. Uko wapi sasa hivi, si unaishi wapi: mtaa, alama ya karibu. Nani yuko hapo? Kama kuna masikio, nauliza maswali ya ndiyo na hapana tu, ajibu bila kujifichua. Nambari ya pili ni ya nani? Tukikatika, mimi ndiye nitakayepiga. Ndipo nafuata mpangilio wa maswali ya Columbia ya kupima hatari ya kujiua, bila kuyalainisha: umetamani usiwe hai? Umewaza kujiua? Umewaza namna? Umekusudia kweli? Umeshafanya lolote kujiandaa? Ndiyo inapokuja sikati simu. Nabaki naye, na kwa simu nyingine namtafuta yule wa karibu afike, akae naye, aondoe hapo kitu chochote cha hatari. Mpango wa usalama tunauandika pamoja, kwa maneno yake mwenyewe.

Na kijana wa Voi bado tunazungumza, kila Jumanne. Siku hizi hanisubiri niulize. "Niko stejini, dada," anasema akipokea, "na kaka yuko hapa kando yangu."