Kufundisha Imani ni Kufundisha Kushika

Kila inapofika ibada ya ubatizo au ya kipaimara, tunasomewa maneno ya mwisho ya Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, sura ya 28. Tumeyazoea kiasi kwamba msomaji akinyamaza katikati, watoto wa Shule ya Jumapili wanaweza kuyamalizia. Lakini jambo lililozoeleka husikiwa kwa masikio bila kuingia moyoni. Ndiyo maana jioni moja, katika ibada yetu ya nyumba kwa nyumba hapa Kanazi, tuliulizana swali ambalo lilionekana jepesi: agizo lile la kwenda kufundisha lilitolewa kwa nani?

Majibu yalikuja haraka. Mmoja alisema ni kazi ya mchungaji. Mwingine akaongeza mwinjilisti na walimu wa Shule ya Jumapili. Mwingine akataja kwaya, kwa kuwa nyimbo nazo huhubiri. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango akauliza: “Na mimi nisiyejua kusoma, Mungu ataniuliza nini siku ile?” Hatukumjibu. Tuliimba, tukaomba, tukaagana. Lakini swali lake halikutuacha, na makala hii ni jaribio letu la kumjibu.

Tuanze kwa kukumbuka jinsi imani ilivyotufikia. Tunapenda kusema kwamba Injili ililetwa na wamisionari kutoka Ulaya, na tunawashukuru kwa haki. Lakini katika mkoa wetu wa Kagera habari hiyo ni nusu tu. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta Wahaya ambao tayari walikuwa wakiisoma Injili, kwa sababu walikuwa wamejifunza Buganda na kurudi nayo nyumbani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja na wamisionari wale wa Kijerumani wakaondolewa, kanisa halikufungwa. Walimu wenyeji waliendelea kufundisha, kuzika, kuombea wagonjwa na kukusanya watu siku ya Bwana. Wengi wao hawakuwa wamewekewa mikono na askofu yeyote. Walikuwa watu waliopata kitu na hawakuweza kukaa nacho peke yao.

Kwetu huku Ngara na Biharamulo tunakumbuka pia njia nyingine. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, mashariki ya Rwanda, ukaenea Uganda na Burundi, na kabla muongo ule haujaisha ulikuwa umevuka mpaka na kufika Katoke, Biharamulo. Walioubeba walikuwa madaktari na walimu, lakini pia wauguzi, wapishi, wakulima na akina mama. Hawakutembea na vitabu vingi. Walisimama mbele ya watu wakakiri dhambi zao wenyewe, wakataja walichoiba, wakakirudisha, wakalipa madeni, wakaomba radhi kwa watu waliowadharau. Mwafrika alikiri mbele ya Mzungu, na Mzungu akakiri mbele ya Mwafrika. Waliosikia walishangaa kwanza, kisha wakaanza kujiuliza habari za maisha yao.

Habari hii inatufundisha jambo la kwanza. Wajibu wa kufundisha imani haukuanza na cheo. Mtume Paulo, katika sura ya 10 ya Warumi, anauliza watu watamwaminije wasiyemsikia, na watasikiaje pasipo mtu wa kuwaambia. Hapo hamtaji mtu wa daraja fulani. Kama mtu amepata chemchemi wakati wa kiangazi kikali, akachota usiku kwa siri huku majirani wakihangaika na madumu matupu, hakuna atakayemsifu kwa unyenyekevu wake. Tutamwita mchoyo. Basi imani iliyofichwa ni uchoyo pia, hata ikivaa vazi la ukimya na upole.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya ukweli, na sisi tunaoishi karibu na mpaka huu hatuna ruhusa ya kuishia hapo.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera wakaingia wilayani kwetu Ngara. Wazee wetu wanaikumbuka hali ile: barabara iliyojaa vichwa, magodoro, mbuzi, watoto waliopotezana na mama zao. Kambi ya Benaco ikaota kama uyoga, na baada ya muda mfupi ilikuwa na watu wengi kuliko miji yetu. Waliovuka walitoka mashariki ya Rwanda, upande ule ule ambako uamsho wa Gahini ulianzia. Wengi wao walikuwa Wakristo waliobatizwa. Walikuja na Biblia na vitabu vya nyimbo, na Jumapili walisali chini ya maturubai.

Wengi wao walikuwa watu wasio na hatia, waliokimbia vita, na watoto wasiojua kilichotokea. Hilo tulitamke wazi. Lakini ndani ya umati ule walikuwamo pia watu ambao mikono yao ilikuwa imemwaga damu wiki chache tu zilizopita. Katikati ya Aprili, pale Nyarubuye, upande wa pili wa mto, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa. Aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2004 kwa mauaji hayo. Waliouawa walikuwa Wakristo, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa kama wao.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Rwanda ilikuwa nchi iliyofundishwa. Ilikuwa na makanisa mengi, shule nyingi za misheni, na watu wengi waliojua Amri Kumi kwa moyo. Waliojua kwamba imeandikwa usiue waliua. Je, wale waliofundisha walishindwa? Je, kufundisha imani ni kazi bure?

Hatuna haki ya kulitupa swali hili ng’ambo ya mto na kusema ni la Wanyarwanda. Lugha yetu na yao zinasikilizana. Damu zetu zimechanganyika. Na sisi pia tunaweza kujua neno na tusilishike. Lakini tunaposoma tena lile agizo la Mathayo, tunaona kwamba Bwana hakuishia tulikoishia sisi. Sisi tumeshika kwenda, na tumeshika kubatiza. Tunahesabu waliobatizwa na kuandika idadi yao kwenye taarifa ya mwaka. Lakini agizo lina sehemu ya mwisho: wale waliobatizwa wafundishwe kuyashika yote aliyoyaamuru. Kushika si kujua. Mtoto anaweza kujua kwamba moto unaunguza kwa kuambiwa, lakini anayeshika ni yule anayeondoa mkono. Tukimfundisha mtu maneno bila kumfundisha kuyashika, tumempa funguo na kumwacha nje ya nyumba.

Tena tukumbuke kwamba katika siku zile zile za Aprili walikuwepo Wakristo waliowaficha majirani zao darini, na wengine wakafa pamoja nao kwa kukataa kuwatoa. Nao walikuwa wamesikia mahubiri yale yale katika makanisa yale yale. Basi Neno halikuwa bure. Palipopatikana moyo wa kulishika, lilizaa tunda katika saa mbaya kuliko zote.

Sasa tuteremke kutoka katika mambo hayo makubwa hadi kwenye vijia vyetu, kwa sababu hukumu ya Mungu haitatukuta Rusumo tu. Miaka michache iliyopita baadhi yetu tulipanga kuwatembelea watu walioacha kuja kanisani. Tulifika kwa mzee mmoja. Alitupokea vizuri, akatutolea benchi, akatusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza. Kisha akasema kwa upole: “Wanangu, maneno yenu ni mazuri. Lakini huyu mliyekuja naye ana ugomvi na kaka yake juu ya mpaka wa shamba, huu mwaka wa tatu. Mkishapatana huko, njooni mnifundishe.”

Tulirudi kimya. Mwenzetu hakusema neno mpaka tulipofika njia panda. Hapo ndipo ushauri ulipoanza, na ulikuwa wa pande mbili. Wengine walisema: “Tumeona sasa. Tunyamaze kwanza mpaka tuwe watakatifu, tusije tukalitukanisha jina la Bwana.” Wengine wakasema: “Mzee yule anatafuta kisingizio. Neno ni la Mungu, si letu. Tuendelee kuhubiri, shamba ni jambo la baraza.”

Tunaona pande zote mbili zilikosea. Anayesubiri awe mtakatifu ndipo afundishe, atakufa akisubiri. Petro alimkana Bwana mara tatu, na bado katika sura ya 21 ya Yohana anakabidhiwa kuwalisha kondoo. Hakukabidhiwa kwa kuwa hakuanguka. Alikabidhiwa baada ya kuulizwa mara tatu kama anampenda, swali lililomchoma moyo. Lakini pia anayesema Neno ni la Mungu kwa hiyo maisha yangu hayahusiki, anaeneza maneno tu. Hiyo ndiyo mbegu ambayo tumeona matunda yake.

Njia ya tatu ni ile ya watu wa Gahini. Mtu anayestahili kufundisha ni yule anayekubali kufundishwa kwanza na lile analolifundisha, awe na makosa au asiwe nayo. Mwenzetu alikwenda kwa kaka yake. Haikuwa mara moja. Mara ya kwanza hakukaribishwa ndani. Ilichukua miezi, na alipoteza hatua kadhaa za ardhi ambazo mpaka leo anaamini zilikuwa zake. Wakapanda miti ya mpaka pamoja. Tuliporudi kwa yule mzee hatukuwa na hotuba. Alimtazama mwenzetu, akatuita tukae, akasema: “Haya, sasa niambieni.” Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, na hatutaki kusema uongo ili makala yetu ipendeze. Lakini alikuwa ameuliza, na kabla ya siku ile hakuwa na sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo mambo matatu tunayaona yanatuhusu sisi sote.

Kwanza, tuwafundishe watoto wetu nyumbani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inamwagiza mzazi ayazungumze maneno ya Mungu na wanawe akiwa nyumbani na akiwa njiani, akilala na akiamka. Paulo naye anaitaja imani ya Timotheo kuwa ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wengi wetu kanisani tunasali kwa Kiswahili na nyumbani tunaongea Kihangaza. Tusipoomba na watoto kwa lugha ya jikoni na shambani, watadhani Mungu ni mgeni wa Jumapili. Na vijana wetu wakiondoka kwenda kutafuta maisha Kahama au Mwanza, watamwacha hapa pamoja na nguo za kanisani.

Pili, tufundishe kwa heshima. Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anataka tuwe tayari kumjibu kila atakayetuuliza habari za tumaini letu, lakini kwa upole. Jirani yetu Mwislamu, au yule asiyesali kabisa, ni jirani kabla hajawa msikilizaji wetu. Hatumpi mtu maharage ili abatizwe. Tunampa kwa sababu ana njaa, na akiuliza kwa nini tumempa, tunamjibu bila kuficha.

Tatu, tufundishe yale magumu. Ni rahisi kumfundisha mtoto kukariri zaburi. Ni vigumu kumfundisha kwamba mtu wa kabila lingine, au mkimbizi aliyekata miti yetu, au ndugu aliyesogeza mpaka, ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini tukiliruka somo hilo, mengine yote yanaweza kukaririwa vizuri na mkono bado ukashika panga.

Sasa tunamrudia yule bibi wa karibu na mlango. Tulimwendea baadaye, tukamwambia tunachodhani Mungu atamuuliza. Hatamuuliza amesoma sura ngapi. Atamuuliza kama wajukuu zake walimsikia akiomba, kama walimwona akimsamehe mtu, na kama alipowaambia habari za Yesu walikuwa na sababu ya kumwamini. Alicheka, akasema: “Kumbe mtihani wenyewe ni wa nyumbani.” Ndivyo ulivyo, wapendwa, na kila mmoja wetu ameshaanza kuufanya. Bwana atupe neema ya kuyashika tunayoyafundisha, ili wanaotuangalia nao wayashike.