Difu Haichaguliwi kwa Sifa

Wanangu mnaoshika spana katika gereji za Buyenzi, leo nina neno nanyi juu ya difu. Naona simu zenu zimejaa video za magari ya zamani ya Marekani, Mustang na Chevelle, yakiunguza tairi mpaka moshi unafunika barabara. Sikatai, ni magari ya shoka. Lakini yanayoingia kwenye avenyu zetu ni Hiace ya abiria, Hilux ya mizigo, Land Cruiser ya shirika, na mara mojamoja Peugeot 404 ambayo mtu kaachiwa na marehemu baba yake. Elimu ya difu ni ileile. Ile ya Ford yenye krauni ya inchi 9, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1957 na kusifiwa sana chini ya Mustang zenye nguvu, hufunguliwa kwa mbele: unachomoa mashafti, unalegeza nati, kichwa kizima kinatoka. Hilux yako nayo ni hivyohivyo. Basi someni kwa kilicho mbele yenu.

Kwanza jueni hesabu. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 inatoa 4.1, yaani karda huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Meno 39 kwa 8 ni 4.875. Namba kubwa inatoa nguvu ya kuvuta, lakini injini inahangaika zaidi. Namba ndogo inatoa mwendo na kupumzisha injini, ila mlimani inachoka. Pigeni hesabu wenyewe: tairi inayokwenda mita 2.1 kila ikizunguka, gari likiwa kilomita 80 kwa saa kwenye gia isiyopunguza wala kuongeza mizunguko, injini yenye difu ya 4.1 huzunguka kama mara 2,600 kwa dakika. Tia 4.875, inafika karibu 3,100. Tofauti hiyo inalipwa kwa mafuta, na foleni za mafuta za mji huu mnazijua.

Kwa hiyo muulizeni mwenye gari anakwenda wapi kabla hamjamwambia bei. Anayepeleka abiria Gatumba, au anayefuata ziwa kwenda Rumonge, njia yake ni tambarare, namba kubwa ya nini? Anayepanda Bugarama na saruji mgongoni, huyo anatoka ziwani, chini ya mita 800, akafike juu ya mita 2,000 kwa safari fupi isiyozidi saa moja na ushee. Namba kubwa itamsaidia kupanda, na itamsaidia kushuka na viazi vyake pia, maana injini italishika gari na breki hazitapata moto. Akija kijana anataka difu ya kumfurahisha rafiki yake, mpeni chai aende zake.

Kujua namba si lazima ufungue. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: zuia magurudumu ya mbele, inua ya nyuma yote mawili, weka gia huru, tia alama ya chaki kwenye karda na kwenye tairi. Zungusheni magurudumu yote mawili kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, mwenzako ahesabu karda. Kisha zungusha gurudumu moja peke yake. La pili likienda kinyume, difu ni ya wazi. Likifuata upande uleule, ndani mna sahani za kuzuia gurudumu moja kuteleza peke yake, au mna mkono wa mtu aliyechomelea. Lakini sahani zikiisha, difu hiyo nayo hujifanya ya wazi, kwa hiyo someni pia kibati cha Toyota: msimbo wa ekseli unaeleza ukubwa wa krauni na namba yake.

Krauni na pinioni ni mke na mume. Zimesagwa pamoja kiwandani na kuandikwa namba moja. Usichukue krauni kwa muuzaji huyu na pinioni kwa yule ukadhani umeokoa pesa; zitapiga kelele mpaka meno yakatike. Ukizifunga, nafasi ya meno katika difu ya Toyota ya inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18. Hiyo haipimwi kwa kutikisa kwa mkono, inapimwa kwa saa ya kupimia. Paka meno rangi, zungusha, tazama yanagusana wapi. Na ile bushi inayominywa kati ya beringi za pinioni haitumiki mara mbili, hata ikionekana nzima.

Gari la kuvuta kwa magurudumu manne, namba ya mbele na ya nyuma lazima ilingane. Ukiweka 4.1 mbele na 4.3 nyuma, siku dereva atakapofunga gia ya mbele kwenye lami, kitu kitavunjika.

Kuhusu kuchomelea: gurudumu la nje kwenye kona hutembea njia ndefu kuliko la ndani, na difu iliumbwa kwa ajili hiyo. Ukiifunga kwa moto wa kuchomelea, gari litakataa kukata kona na kwenda moja kwa moja. Zitazameni kona za Bugarama, kisha mniambie moja kwa moja kule ni wapi. Anayekwama kwenye matope mtafutieni difu yenye sahani, pamoja na mafuta yake maalumu, au loka inayofunguka.

Mafuta nayo msiyadharau. Peugeot 404 ile, ambayo Bert Shankland wa Tanzania alishinda nayo Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967, haina krauni kama hizi. Ina skurubu ya chuma inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi, na ilitengenezewa mafuta yenye asili ya nyonyo. Ukiimiminia mafuta ya GL-5 ya Hilux kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, dawa zake zinaweza kuila shaba hiyo polepole, na kipuri chake hutakipata kirahisi.

Gari la mtu ni amana. Mrudishieni vyuma vyake vya zamani avione, mwandikieni kwenye karatasi namba mliyofunga na mafuta mliyotia, na namba ikibadilika mwambieni kwamba mshale wa mwendo nao unaweza kumdanganya. Mteja akikuuliza umemfungia difu gani, mjibu hapohapo. Usipoijua, usimkabidhi ufunguo.