Moyo Si Kadhi

Baadhi ya ndugu wa darasa letu wametuuliza: Yamfaa nini Mwislamu kuzisoma ilimu hizi za siku hizi zichunguzazo namna mtu anavyohukumu kuwa jambo hili ni jema na lile ni ovu? Je, hatuna Qur'ani na Sunna? Hatuna vitabu vya Fiqhi na vya tabia njema walivyotuachia wema waliotutangulia? Suala hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kukemea. Lakini kabla ya kulijibu nataka kuwapa wasomaji kisa kimoja, na mwenye aibu katika kisa hicho ni mimi mwenyewe.

Siku ya Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta ya petroli lilipinduka mahali paitwapo Sachangwan, upande wa Molo, katika njia kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Njia hiyo ndiyo ile ianziayo kwetu Mombasa na kupandia Uganda. Watu wa vijiji vya jirani walitoka na madebe na ndoo kuyateka mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa, wengine wakiwa hawatambulikani hata na wazee wao. Siku tatu kabla ya hapo, Jumatano tarehe 28, duka kubwa la Nakumatt lililokuwa katikati ya mji wa Nairobi liliungua, na humo pia wakafa watu zaidi ya 20.

Siku hizo nilikuwa kijana, nikisomesha chuoni mjini Nakuru. Khabari ya duka ilipotufikia, niliinua mikono baada ya sala ya Isha, nikawaombea wafiwa subira, na watu wakaitikia amina. Khabari ya Sachangwan ilipotufikia tulikuwa tumekaa barazani baada ya Maghribi. Mmoja akasema, "Wamejitakia." Nami, badala ya kunyamaza, nikaitilia nguvu kauli ile. Nikasema kwamba mali ya watu ni haramu, na kwamba mwenye kukimbilia haramu hukimbilia moto. Nikatoa na hoja za Fiqhi, na watu wakatikisa vichwa.

Alikuwapo mzee mmoja mkimya, si mtu wa kusoma. Akaniuliza kwa upole: "Sheikhe, juzi lilipoungua duka ulituombesha dua. Leo mbona umetutolea hukumu?"

Sikuwa na jibu. Na hadi leo, kila nikilikumbuka suala lile, naona kwamba lilikuwa ni ilimu kuliko yote niliyoyasema jioni ile.

Baada ya miaka nikaja kusoma waliyoyaandika wataalamu wa ilimu ya nafsi, nikajiona mle. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons, waliwatazamisha wanafunzi wa kike mwenzao aliyeonekana akiadhibiwa kwa umeme kila akosapo jibu. Kwa hakika umeme haukuwapo; yalikuwa ni maigizo, lakini watazamaji hawakujua. Wale waliopewa njia ya kumtoa katika adhabu walipendelea kumtoa. Lakini wale walioambiwa kwamba adhabu yaendelea, na wao hawana la kufanya, walianza kumwona yule msichana kuwa ni mtu duni, asiyependeza. Hakuwa amewakosea lolote. Lerner akasema kwamba mtu hupenda kuamini kuwa kila mmoja katika dunia hii hupata anachostahiki. Basi aonapo mwenziwe anateswa naye hawezi kumsaidia, humtafutia aibu ili moyo wake utulie.

Hii ndiyo maana ya "wamejitakia". Kauli ile haikuwa hukumu juu ya maiti. Ilikuwa ni dawa ya hofu yetu. Kama wao wamekufa kwa ubaya wao, basi sisi tulio wazuri tumesalimika! Na waliokufa dukani hatukuwatafutia aibu, kwa sababu sisi nasi huenda madukani, na tukijilaumu wao tutakuwa tumejilaumu wenyewe.

Na hoja zangu za Fiqhi je? Mwaka 2001 mtaalamu mwengine wa Marekani, Jonathan Haidt, aliandika kwamba mara nyingi moyo huhukumu kwanza, kwa mapendo au kwa chuki, kisha akili huja nyuma kutafuta sababu. Akili, kwa mfano alioutoa yeye, hufanya kazi ya wakili atakaye kumshindia mteja wake, hali sisi twadhani ni kadhi atafutaye haki. Ndivyo nilivyokuwa jioni ile. Nilivifungua vitabu baada ya hukumu kwisha kutoka.

Lau ningevifungua kabla yake, ningekumbuka ambayo kila mwanafunzi ayajua: kwamba Sayyidna Umar (R.A.) katika mwaka wa njaa, mwaka wa 18 wa Hijra, aliiacha hadi ya wizi. Hakusema kuwa wizi umekuwa halali. Alitazama hali za watu kabla ya kutazama mikono yao. Na mwezi ule ule wa Januari 2009 Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha tangaza njaa kuwa janga la taifa. Tena nchi ile ya Molo ilikuwa haijapona jeraha la fitina iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Haya yote niliyajua, wala hayakunijia ulimini. Na hata tuseme kuteka mafuta yale ni kosa, ni nani aliyenipa mimi hesabu ya waliokuwapo? Hapakuwa na mpita njia mle? Hapakuwa na mzazi aliyemkimbilia mwanawe ili amrudishe?

Sasa na tuwarudie ndugu zetu waulizao. Ilimu hizi hazikuja kutufundisha halali na haramu. Hizo tunazo, alhamdulillahi. Zimekuja kutuonyesha upungufu wa yule anayezitumia, na jambo hili si geni kwetu. Mtume wetu (S.A.W.) alimkataza kadhi asihukumu hali ya kuwa ameghadhibika. Wanavyuoni wetu wakapima juu ya ghadhabu, wakaongeza njaa kali, usingizi, maumivu, na kila kiubabaishacho moyo. Walijua kwamba sharia inaweza kuwa sahihi kitabuni, na hukumu ikatoka mbovu kwa hali ya anayehukumu. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika kwa urefu juu ya maafa ya ulimi na juu ya mtu kuihasibu nafsi yake. Basi ambaye hii leo atuletea ushahidi mpya juu ya jambo hilo, akiwa ni wa Marekani au wa China, twamwambia: Karibu, tuusikie.

Atasema mtu: Ikiwa hukumu zetu zatoka katika mapendo na chuki, basi hapana wema wala uovu, kila mtu na lake. Haya ni makosa. Mwenye duka akiijua mizani yake kuwa inapunja, hasemi kwamba sukari haina uzito, huitengeneza mizani. Kuzijua kasoro za moyo ni mwanzo wa kuutengeneza, wala si kuibatilisha haki.

Na utatengenezwa vipi? Huyo huyo Haidt asema kwamba ni nadra mtu kujigeuza kwa kufikiri peke yake. Aghalabu hugeuzwa na maneno ya mwenziwe. Basi baraza zetu zina haja ya mtu kama mzee yule wa Nakuru, wa kuuliza suala moja kwa upole, nasi tuwe na masikio ya kumsikiliza hata kama hana kilemba. Tusingoje kadhi mkubwa aje atukanye.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakafa kwa namna ile ile ya Sachangwan. Nilikuwa nimekaa na wenzangu khabari ilipokuja, na nikalisikia neno lile lile likitaka kutoka. Safari hii nilisema, "Tuwaombee." Si kwamba nimekuwa mwema, nalikumbuka suala nililoulizwa, nikaogopa kuulizwa tena, na safari hiyo si na mzee wa barazani.

Wabillahi tawfiq.