Nyumba Ikishauzwa

Nyumba mpya ikimalizika, mchungaji hupigiwa simu aje kuibariki. Kwaya inakuja, wali unapikwa. Nyumba ikiuzwa, haitwi mtu. Vyombo vinapakiwa kwenye Fuso usiku, kama vile kuna aibu, na mwenye nyumba mpya anakuja kupokea funguo peke yake.

Anakuta nini? Holda zimekatwa, nyaya zinaning'inia darini. Koki ya jikoni imefunguliwa na bomba limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Vitasa vya milango ya ndani havipo. Ukiuliza, unajibiwa: "Nimeuza nyumba, sikuuza taa." Labda mkataba unamruhusu. Mimi nauita uchoyo, tena uchoyo wa vitu vidogo, maana vitasa hivyo wala haviingii kwenye milango ya huko aendako.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za Israeli zilikuwa na paa bapa, watu walipanda wakaketi huko. Agizo lilimlenga mjenzi, lakini siku ya makabidhiano anayeuza ndiye pekee anayejua mtu ataangukia wapi. Kuna karo la zamani nyuma ya mwembe, lilifunikwa mbao na udongo miaka ile, na sasa majani yameota juu yake. Mnunuzi ana watoto, nao watacheza palepale. Kuna soketi inayotoa cheche, na upande ambao maji ya masika huingia hadi chumbani. Dalali hatayasema hayo. Yeye anangoja asilimia yake. Mtembeze mnunuzi nyumba nzima, mwoneshe kwa kidole. Ingekuwa vyema zaidi angeyajua kabla ya kulipa, lakini hata baada ya pesa kuingia benki hujachelewa kumwokoa mtoto. Kumpenda jirani tunayemhitaji hakutusumbui sana. Huyu tumeshamalizana naye.

Halafu kuna madeni. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Nyumba ikikaa miezi kadhaa bila kununuliwa umeme, deni linajikusanya, na mgeni akiweka pesa yake ya kwanza anapata uniti kiduchu, asijue kwa nini. Lipa, kisha mwachie risiti pamoja na ankara ya mwisho ya maji. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, jeshi la Babeli likiwa limeuzingira mji, aliagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu. Ikiwa yeye alitunza karatasi vitani, sisi bahasha ya kaki inatushinda nini?

Linalonisumbua zaidi ni mpangaji wa chumba cha uani. Kodi ya miezi sita ameshalipa, na wewe umeshaila. Mara nyingi habari ya kuuzwa kwa nyumba anaipata kwa watu waliokuja kupima uwanja, yeye akiwa amesimama pale na ndoo ya nguo mkononi. Kwenye mkataba jina lake halimo, kwa hiyo tunajiambia si jukumu letu. Kaa naye mapema. Mrudishie fedha ya miezi iliyobaki, au mkutanishe na mwenye nyumba mpya, wakubaliane mbele ya mwenyekiti wa mtaa na waandikiane.

Anayehama mwezi huu, akipenda tusali pamoja siku ya kukabidhi funguo, apite ofisi ya usharika baada ya ibada. Nitakuja kwa furaha. Ila nitamuuliza kwanza kama mpangaji ameshaambiwa.