Hii ni ya Simu

Watu wakiongea kuhusu teknolojia na viwanda huku kwetu, hutaja Nyeri, maana pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kuna kampuni inayotengeneza chipu. Sawa. Lakini mimi naomba tupite Nanyuki, tushike barabara ya Doldol, ambako kiwanda ni kivuli cha mgunga na mashine ni sindano.

Huko akina mama wa Kimaasai hutunga shanga. Siku hizi oda huingia kwa WhatsApp: picha, vipimo, rangi, na neno moja, "zifanane". Hamsini, zote sawa. Malipo ni M-Pesa. Nilikaa na mama mmoja akihesabu shanga, simu imeegemea goti lake. Nikamsifu kwa mchoro. Akacheka. "Hii ni ya simu. Yangu ni hii," akagusa mkufu shingoni mwake.

Jibu hilo bado linanisumbua. Tunaogopa mashine itanyang'anya mkono kazi, kumbe mkono ndio unafundishwa tabia za mashine: rudia, usibadilishe, usijaribu.

Na usiniambie natamani ukale. Shanga zenyewe ni za kiwandani tangu hapo. Za kioo zilisafiri kutoka Bohemia, Jamhuri ya Czech ya leo, zikaingia bara kupitia pwani. Wamaasai wakazifanya zao kabisa. Tofauti ni kwamba shanga ilifika bila maagizo. Picha inafika na maagizo yote.

Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Vizuri, kwa sababu leo mtu anaweza kupiga picha mkufu na kuuchapisha kwenye kitambaa, bila shanga hata moja. Ila sheria hulinda mchoro uliopo. Ule ambao mama angeubuni Jumanne hiyo, kama hangekuwa na oda ya bangili hamsini, nani anaulinda?

Akatae oda? Karo ya shule hailipwi kwa ubunifu, bana. Anayeweza kubadilika kirahisi ni sisi tunaoagiza. Siku hizi mimi nataja saizi na bei tu, rangi namwachia mtungaji. Juzi nimeletewa bangili ya kijani na chungwa. Haiendani na nguo yangu yoyote.